UZI: Umepanga nyumba Uingereza, kisha unapangisha vyumba? Kwa sheria, mwenye nyumba ni wewe

FundiMilango:

Heshima kwenu wakuu.

Uzi huu ni wa walioko Uingereza, hasa wale wanaochukua nyumba nzima kwa dalali, wanakaa chumba kimoja, vilivyobaki wanapangishia wenzao. Pia ni wa wanaokaa kwenye hivyo vyumba. Mimi ni fundi mbao London mashariki. Kazi yangu kubwa ni kufunga milango ya kuzuia moto kwenye nyumba za kushea, kwa hiyo nakutana na wote: mwenye hati, aliyepanga akapangisha, mpangaji wa chumba, na afisa wa halmashauri anayekuja na tochi na kishikwambi chake. Mambo yakiharibika, anayeshtuka kuliko wote ni huyo wa katikati. Utamsikia: "Mimi siyo mwenye nyumba jamani, na mimi nimepanga tu!"

Hiyo haimsaidii. Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004 inatazama nani anapokea kodi za vyumba. Umechukua nyumba kwa pauni 2,200 kwa mwezi, umeweka watu wanne, kila mmoja 700, pesa zinaingia kwenye akaunti yako. Basi msimamizi wa nyumba ile ni wewe, na leseni ya halmashauri ya nyumba za kushea inakuhusu. Kwamba juu yako kuna mtu mwenye hati haikutoi kwenye kosa. Mnaweza kushtakiwa wote wawili.

Sasa nyumba gani inadaiwa leseni? Hapa nitaongelea England. Nyumba yenye watu watatu au zaidi wasio wa familia moja, wanaotumia jiko, choo au bafu moja, huitwa HMO. Hizo ndizo herufi utakazokuta kwenye tovuti za halmashauri. Wakiwa watatu au wanne, kanuni za usimamizi tayari zinakubana: njia za kutokea ziwe wazi, maji na umeme visikatwe, jina na simu ya msimamizi vibandikwe mahali watu wanapoona. Wakifika watano, kwa kawaida leseni ni lazima popote England. Zamani nyumba ilitakiwa iwe na ghorofa tatu ndipo idaiwe. Sharti hilo liliondolewa Oktoba 1, 2018. Mpaka leo kuna watu wananiambia "nyumba yangu ina juu na chini tu", na wanasema kwa kujiamini kabisa.

Kwa watatu na wanne inategemea uko halmashauri gani. Nyingi, hasa za London, zimejiwekea mpango wa ziada unaowagusa na hao. Nyingine zimekwenda mbali zaidi: Newham ilianza Januari 2013 kudai leseni karibu kila nyumba ya kupangisha ya mtu binafsi, hata ikikaa familia moja. Kwa hiyo upande mmoja wa barabara unadaiwa, ukivuka ng'ambo hudaiwi. Usiulize rafiki, ingia tovuti ya halmashauri uweke postikodi yako.

Kwenye kuhesabu watu ndipo wengi wanapojidanganya. Mtoto ni mtu mmoja, hata mchanga wa wiki mbili. Wawili wanaopokezana kitanda, mmoja zamu ya usiku ghalani na mwingine mchana, ni watu wawili. Familia nayo imeandikwa nani na nani: mume na mke au wanaoishi kama mume na mke, wazazi, babu na bibi, watoto, wajukuu, ndugu, wajomba, mashangazi, wapwa, mabinamu. Hata ndugu wa mume na ndugu wa mke wanaingia kaya moja. Mtu wa kijijini kwenu uliyekuwa unamwita mjomba tangu utoto haingii. Nimemsikia jamaa akimwambia afisa kwamba wote sita ni binamu. Afisa hakubisha, akawaita mmoja mmoja jikoni akawauliza jina la bibi.

Vyumba. Kwenye nyumba yenye leseni, mtu mmoja mwenye umri zaidi ya miaka 10 halali kwenye chumba chini ya mita za mraba 6.51. Watu wazima wawili, 10.22. Mtoto wa chini ya miaka 10, 4.64, na chini ya hapo hakuna binadamu anayeruhusiwa kulala. Sasa chukueni kile chumba kidogo cha mbele kilicho juu ya mlango wa kuingilia, mnakijua. Nimepima kingi cha mita 2.5 kwa 2.6. Hiyo ni 6.50. Kimeanguka kwa sentimita za kuhesabu vidole, na kimeanguka kweli, afisa hakupigii hesabu ya huruma. Vyumba vya darini ndiyo balaa zaidi, kwa sababu sehemu yenye dari chini ya mita 1.5 haihesabiki kabisa. Unaona chumba kikubwa kinapendeza, ukitoa mteremko wa paa unabaki na korido. Na hivyo ni viwango vya chini vya nchi. Halmashauri inaweza kutaka zaidi.

Milango, kazi yangu hiyo, mnivumilie. Mlango wa chumba kwenye nyumba za aina hii unatakiwa kuzuia moto kwa dakika 30. Siyo ule mwepesi ukiugonga unalia kama boksi la viatu. Una bawaba tatu, pembeni umechimbiwa mstari unaovimba ukipata joto ili uzibe uwazi, na juu una mkono wa kuufunga wenyewe. Uwazi kati ya mlango na fremu ni kama milimita 3. Nikirudi baada ya miezi michache nakuta mkono umeng'olewa kwa sababu "unabamiza usiku", au mlango umeegemezewa kiatu. Kibaya zaidi ni kitasa. Aliyepangisha anakwenda kununua komeo na kufuli la nje, anapigilia mlangoni ili kila mtu afunge chumba chake. Mtu akiwa ndani anaweza kufungiwa. Kinachotakiwa ni kitasa ambacho ukiwa ndani unazungusha kwa vidole unatoka, bila kutafuta ufunguo gizani kwenye moshi.

Ongeza cheti cha gesi kila mwaka, ukaguzi wa umeme kila baada ya miaka 5, kengele ya moshi kila ghorofa, na kengele ya gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi penye boila. Leseni yenyewe haizidi miaka 5, na kila nyumba ina yake.

Ukikamatwa huna: mahakamani faini haina kikomo. Halmashauri ikiamua isikupeleke mahakamani, inaweza kukupiga yenyewe hadi pauni 30,000. Juu ya hapo wapangaji wako wanaweza kudai kodi yao ya hadi miezi 12. Sheria mpya ya Haki za Wapangaji, iliyosainiwa Oktoba 27, 2025, inapandisha hizo namba ziwe 40,000 na miezi 24. Tarehe ya kuanza kwa sehemu kubwa ya mageuzi yake ni Mei 1, 2026, kwa hiyo namba zile za mwanzo ni za makosa ya kabla ya hapo.

Maswali karibuni.

BoksiMpakaLini:

Mkuu umenitoa jasho. Mimi nyumba nimenunua kwa mkopo, naishi na mama watoto na watoto wawili. Chumba cha juu yupo kijana mmoja anasoma. Na mimi nahitaji leseni?

FundiMilango:

Hapana kaka, lala usingizi. Mwenye nyumba anayeishi humo na familia yake anaruhusiwa kukaa na wapangaji wawili wa nje bila nyumba kuwa HMO. Wa tatu akiingia, hadithi inabadilika.

Ila msome vizuri wengine: nafuu hiyo ni ya mwenye hati, au mwenye mkataba wa zaidi ya miaka 21. Wewe uliyepanga kwa mkataba wa mwaka mmoja, hata ukilala humohumo, haikuhusu. Wengi wanaisoma mtandaoni wanadhani imeandikwa kwa ajili yao.

Kaka, kwako kuna mambo mawili tu. Waambie benki waliokukopesha, na hakikisha ulimkagua huyo kijana hati zake za kuishi nchini kabla hajahamia. Tangu Februari 2024, kumweka mpangaji wa chumba nyumbani kwako ambaye hana haki ya kupanga kunaweza kukugharimu hadi pauni 5,000 kwa kosa la kwanza. Kodi ya mapato isikuumize kichwa: kama unapokea chini ya pauni 7,500 kwa mwaka kwa chumba chenye fanicha ndani ya nyumba yako, hailipiwi.

MzeeWaSlough:

Naona humu watu wanapiga makofi. Ngoja niseme la upande wa pili, na matusi leteni.

Kijana anatua Heathrow. Hana historia ya mkopo, hana mdhamini, hana payslipu. Dalali gani atampa nyumba? Walizoea kutaka miezi sita mbele. Anayempokea ni nani? Ni huyo huyo mnayemwita mhalifu. Mimi nimepokea watu ambao leo ni manesi, ni madereva wa mabasi, mmoja ana kampuni. Hawakuwa na pa kulala. Sasa leseni yenyewe London mara nyingi inapita pauni elfu moja, halafu milango sita, kengele, fundi wa umeme. Mwenye hati hataki kusikia, anasema nyumba nimekupa wewe. Gharama zinaangukia wapi? Kwenye chumba. Chumba cha 600 kinakuwa 800. Aliyeumia ni mgeni yuleyule mnayesema mnamlinda.

SalmaEastHam:

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, kumpokea mgeni ni kitu kimoja. Kumpokea kwa 650 kwenye sebule iliyokatwa kwa plaiwudi ni biashara. Na biashara ina masharti yake.

MzeeWaSlough:

Marahaba binti. Plaiwudi sijasema mimi.

FundiMilango:

Mzee, la gharama una hoja na sitaki kulipita juujuu. Nimeona nyumba zikirudishwa kwa mwenye hati kwa sababu hesabu hazikutoka, na watu watano wakaanza kutafuta pa kwenda wiki hiyo hiyo. Halmashauri hailipi hoteli kwa kila mtu. Kama sheria inataka milango sita, ingekuwa haki mwenye hati abebe mzigo, maana nyumba ni yake na milango itabaki kwake. Ndiyo maana nasema kabla hujasaini mkataba wa kuchukua nyumba, mambo ya leseni na matengenezo yaandikwe nani analipa. Ukishasaini umechelewa.

Ila usisahau Shadwell. Machi 2023, fleti ya vyumba viwili huko Tower Hamlets, betri ya baiskeli ya umeme ilishika moto usiku. Watu waliokuwa wamejazana mle walikuwa wengi kuliko uwezo wa nyumba kwa mbali sana, wengi wao wageni kama hao unaowasema. Mmoja alikufa, alikuwa ndiyo kwanza ameingia nchini. Na leseni ya nyumba ile ilikuwepo. Ilikuwa ya watu watatu.

Kwa hiyo leseni peke yake haizimi moto, nakubali. Idadi ndiyo inayoua. Vijana wanaobeba chakula kwa baiskeli wanachaji betri koridoni usiku kucha, kwenye njia pekee ya kutokea, kila siku naziona.

DadaWaLeicester:

Mimi niko upande wa waliokaa kwenye vyumba. Nilikaa nyumba ya watu saba, aliyetupangisha ni mtu tuliyekutana naye kwenye jumuiya, sitamtaja. Boila iliharibika Novemba, akatuambia tuvumilie. Tukanunua hita za umeme, kila usiku fyuzi inakatika.

Rafiki yangu mmoja akaniambia kila halmashauri ina orodha ya wazi ya nyumba zenye leseni, mtu yeyote anaweza kutazama. Nikatazama, yetu haimo. Nikaandikia ofisi husika barua pepe wanithibitishie kwa maandishi. Wakathibitisha. Hapo nikaenda kwenye baraza la nyumba kudai kodi yangu. Fikirieni mabaraza ya ardhi na nyumba ya kwetu, ila hili wanakaa hata kwa video.

Niwaambie yasiyosemwa:

Unatakiwa uthibitishe kosa kwa kiwango cha kesi ya jinai, bila shaka yoyote, ingawa wewe siyo polisi. Maneno matupu hayafiki. Kilichonibeba ni taarifa ya benki inayoonyesha kodi kila mwezi, na meseji zake za WhatsApp akituambia nani alale wapi. Wenzangu wawili walikuwa wanampa pesa mkononi bila risiti. Walihangaika.

Hurudishiwi yote kama unavyodhani. Umeme na gesi vilikuwa ndani ya kodi, wakavitoa. Kama sehemu ya kodi ililipwa na Universal Credit, yaani posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hiyo huipati wewe. Halafu wanapima uzito wa kosa na tabia za pande zote mbili, ikiwemo kama ulikuwa unalipa kodi kwa wakati. Na muda ulikuwa miezi 12 tangu kosa. Sheria mpya imeongeza iwe miaka miwili.

Nilipata sehemu nzuri. Kwenye jumuiya kuna watu mpaka leo hawanisalimii.

SalmaEastHam:

Pole dada. Wakusalimie wasikusalimie, kodi umerudishiwa.

RentaMilionea:

Mimi nina swali la kisheria. Nimelipia kozi ya mtandaoni ya hii biashara ya kupanga na kupangisha. Mwalimu anasema ukifungua kampuni, ukaingia mkataba wa kibiashara na mwenye nyumba, leseni inabaki juu ya mwenye nyumba. Na nimesikia kuna kesi ya Mahakama ya Juu kuhusu hili. Ukweli ni upi?

FundiMilango:

Kesi ipo, ila imekwenda kinyume na anachokufundisha. Ni Rakusen dhidi ya Jepsen, hukumu ya Machi 1, 2023. Mwenye fleti London aliipangisha kwa kampuni, kampuni ikapangisha vyumba kwa watu mbalimbali, leseni hakuna. Wapangaji wakataka mwenye fleti mwenyewe awarudishie kodi. Mahakama ya Juu ikasema hapana: amri ya kurudisha kodi inamwendea yule anayempangishia mpangaji moja kwa moja. Yaani kampuni ya katikati. Yaani wewe.

Matokeo yake mtaani yalikuwa kampuni zisizo na kitu. Mpangaji anashinda, anakwenda kudai, akaunti ina pauni 40 na mkurugenzi ameshafungua kampuni nyingine. Bunge likaona. Sheria ya 2025 imebadilisha hilo ili amri iweze kumpata na mwenye nyumba wa juu, na hata wakurugenzi wa kampuni hawajifichi tena nyuma yake kirahisi. Kwa hiyo mwenye hati sasa atakuwa mkali kwako kabla ya kukupa nyumba, na atataka kuona leseni. Mwalimu wako ameshapokea ada yake.

Nyongeza ambayo haikuulizwa: kama nyumba ni ya halmashauri au ya shirika la nyumba za jamii, na wewe umehamia kwingine ukaacha umepangisha watu, hilo halihusiani tena na leseni. Ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2013 ya udanganyifu wa nyumba za jamii. Nyumba utanyang'anywa na faida utairudisha.

KimyaKimya:

Nimesoma kimya muda wote. Mkuu mimi ndiye huyo wa katikati. Tuko sita. Mkataba una miezi minane mbele. Nifanyeje, niwafukuze?

FundiMilango:

Usimfukuze mtu, utaongeza kosa juu ya kosa. Kumtoa mpangaji bila notisi na bila utaratibu ni jinai kwa sheria ya 1977, na kubadilisha kitasa akiwa kazini ni njia ya haraka ya kupigiwa polisi.

Kwanza fungua mkataba wako uone kama uliruhusiwa kupangisha. Kama hukuruhusiwa, ongea na mwenye nyumba kabla halmashauri haijaongea naye, ujue mapema na dalali atakuwepo kwenye hayo mazungumzo. Kama yuko tayari, ombeni leseni wiki hii hii. Ombi likishapokelewa likiwa kamili, na ada ya sehemu ya kwanza imelipwa, una utetezi kuanzia siku hiyo, hata kama afisa atakuja kukagua miezi mitano baadaye. Kamili maana yake ramani ya nyumba yenye vipimo, cheti cha gesi, cha umeme, na jina la msimamizi. Kama kuna mwenye rekodi ya utapeli, fujo, dawa za kulevya au kuvunja sheria za nyumba, halmashauri inaweza kukataa asiwe msimamizi, kwa hiyo chagueni vizuri nani aandikwe.

Kama leseni haiwezekani, halmashauri inaweza kukupa msamaha wa muda wa miezi 3 wakati unapunguza watu kwa utaratibu. Unaombwa kwa maandishi na unaeleza mpango wako. Unaweza kuongezewa mara moja tu. Lakini kosa la nyuma halifutiki, na wapangaji wako wana haki ya kudai. Kama mtu amekaa kwenye chumba kibovu, zungumza naye mapema.

Na ondoa kufuli za nje leo, kabla ya hayo yote. Kitasa cha kuzungusha hakizidi bei ya ugali na samaki wa watu wawili pale Barking.

Mwana_Cardiff:

Huku Wales na Scotland ni hivyohivyo?

FundiMilango:

Hapana. Scotland wakali zaidi: watu watatu kutoka familia tatu tofauti tayari leseni, nchi nzima. Wales, leseni ya lazima bado inafuata utaratibu wa zamani, watu watano na ghorofa tatu, ila halmashauri zinaweza kuongeza maeneo. Halafu Wales kila anayepangisha lazima ajisajili Rent Smart Wales, na anayesimamia mwenyewe awe na leseni yake binafsi ambayo ina mafunzo ndani yake. Hiyo ni mbali na leseni ya nyumba, usije ukalipia moja ukadhani umemaliza zote mbili.